Kusikika na Kueleweka: Maisha ya Vitruvius na Sauti ya Ukumbi wa Kigiriki

Ikisiri

Makala haya yanasimulia maisha ya Vitruvius, msanifu majengo na mhandisi wa Kirumi wa karne ya kwanza K.K., kwa kuzingatia zaidi sehemu ya kitabu chake inayohusu sauti katika kumbi za maonyesho za Kigiriki. Hoja kuu ni kwamba mchango wake haumo katika usahihi wa kila alilolisema, bali katika mambo mawili: kuyatafutia maarifa ya Kigiriki lugha ya Kilatini, na kuweka kigezo cha kuupima ukumbi kwa kueleweka kwa maneno badala ya kusikika kwa sauti tu. Vipimo vya kisayansi vya karne ya 20 na ya 21 vinatumiwa kuonyesha ni lipi katika maelezo yake limesimama na ni lipi limeanguka.

1.0 Utangulizi

Katika rasi ya Peloponnese, nchini Ugiriki, upo ukumbi wa maonyesho wa Epidaurus, uliojengwa katika karne ya nne K.K. na kufukuliwa na mwanaakiolojia Panagis Kavvadias kuanzia mwaka 1881. Viti vyake vya mawe vimepangwa katika safu 55, yaani 34 za chini na 21 za juu, kwa umbo la nusu duara lililopanuka kidogo, vikipanda mteremko wa kilima. Chini kabisa pana uwanja wa duara ambao Wagiriki waliuita okestra, mahali palipokuwa pa waimbaji na wachezaji. Wageni wanaouzuru ukumbi huo huambiwa kwamba sarafu ikidondoshwa katikati ya uwanja huo, au mtu akinong'ona hapo, aliye katika safu ya juu kabisa atasikia kila kitu.

Sifa hiyo imezaa swali ambalo limewashughulisha wasanifu majengo, wanafizikia na wanaisimu: je, wajenzi wa kale walijua walichokifanya, au ilisadifu tu kwamba kilima na mawe viliwatumikia vema? Maelezo marefu kuliko yote yaliyosalia kutoka zama za kale kuhusu suala hili hayakuandikwa na Mgiriki wala kwa Kigiriki. Yaliandikwa kwa Kilatini na Vitruvius, mhandisi wa silaha aliyekuwa mzee na mgonjwa alipokuwa akiandika, zaidi ya miaka 250 baada ya Epidaurus kujengwa.

Kwa mwanaisimu, maisha ya mtu huyu yana mvuto wa pekee. Kwanza, alilazimika kueleza taaluma ngeni katika lugha ambayo haikuwa na msamiati wake. Pili, alipoizungumzia sauti ya ukumbini, alikuwa na wasiwasi mmoja aliourudia tena na tena, nao ni hatima ya miisho ya maneno. Makala haya yanafuata maisha yake kwa kuziangalia nyuzi hizo mbili.

2.0 Malezi na Elimu

Karibu yote yanayojulikana kuhusu Vitruvius yanatoka katika kitabu chake mwenyewe, De architectura, na hasa katika dibaji zinazotangulia kila kimoja cha vitabu kumi vinavyokiunda. Katika dibaji ya kitabu cha sita anawashukuru wazazi wake kwa kumpatia elimu. Anataja sheria ya Waathene, ambayo iliwalazimisha watoto kuwatunza wazazi wao uzeeni ikiwa tu wazazi hao waliwasomesha ufundi au taaluma fulani. Anaisifu sheria hiyo kwa kuwa, kwa maoni yake, mali yote huweza kupotea kwa bahati mbaya, lakini elimu humfuata mtu hata akitupwa ugenini.

Elimu aliyoipata haikuwa ya ujenzi peke yake. Anapoeleza sifa za msanifu majengo, anaorodhesha uandishi, uchoraji, jiometri, hesabu, historia, falsafa, muziki, tiba, sheria na elimu ya nyota. Hadai kwamba mtu mmoja anaweza kuzibobea taaluma zote hizo. Anachotaka ni msanifu azifahamu kwa kiwango cha kumwezesha kutumia matunda yake. Mwishoni mwa hoja hiyo anamwomba mtawala na wasomaji wamsamehe endapo atakosea kanuni za sarufi, kwa sababu haandiki kama mwanafalsafa, msemaji hodari au mwanasarufi, bali kama msanifu majengo aliyeonja elimu ya lugha.

Ombi hilo si unyenyekevu wa desturi tu. Wasomi wa Kilatini wamekubaliana kwa karne nyingi kwamba mtindo wake ni mgumu na usio na ulinganifu. Hata hivyo, ugumu huo kwa sehemu kubwa unatokana na kazi aliyojitwika, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 4.0.

3.0 Utumishi wa Jeshi na Sikio la Fundi

Vitruvius alijulikana kwa Julius Caesar kutokana na ufundi wake, na baada ya Caesar kuuawa mwaka 44 K.K. aliendelea kumtumikia mrithi wake, ambaye baadaye aliitwa Augustus. Pamoja na wenzake watatu, Marcus Aurelius, Publius Minidius na Gnaeus Cornelius, alisimamia utengenezaji na ukarabati wa mitambo ya kivita ya kurushia mawe na mishale. Kazi hiyo ilimpatia malipo ambayo Augustus aliendelea kuyatoa kwa upendeleo wa dada yake. Kwa hiyo Vitruvius alikuwa na hakika ya riziki hadi mwisho wa maisha yake, na ndiyo sababu aliyoitoa ya kumtunukia mtawala huyo kitabu chake.

Mitambo hiyo haikuwa mbali na muziki kama inavyoweza kudhaniwa. Nguvu yake ilitokana na kamba nene za kano zilizosokotwa na kukazwa katika matundu mawili, moja upande wa kulia na jingine upande wa kushoto. Iwapo kamba za upande mmoja zilikazwa kuliko za upande wa pili, mkono mmoja wa mtambo ulisukuma kwa nguvu zaidi, na kombora likapinda. Vitruvius anaeleza kwamba fundi alizigusa kamba hizo na kusikiliza, na hakuruhusiwa kuzifunga kwa kabari mpaka pande zote mbili zitoe toni moja katika sikio lake. Ndiyo maana anasisitiza kwamba msanifu lazima ajue muziki. Mara tu baada ya mfano huo wa kijeshi, anataja vyombo vya shaba vilivyowekwa kwenye kumbi za maonyesho. Mpangilio huu wa hoja unadokeza kwamba alizoea kuitambua tofauti ndogo ya toni kwa sikio katika kazi ambayo kosa lake lilionekana papo hapo.

Utumishi wake ulimkutanisha pia na watu wa mbali. Katika kitabu cha nane anamtaja Gaius Julius, mwana wa Masinissa, aliyepigana upande wa Caesar na aliyemiliki mashamba ya mji wa Ismuc, karibu na Zama, katika eneo la Tunisia ya leo. Mwafrika huyo alikaa nyumbani kwa Vitruvius kama mgeni, na kila siku wawili hao walijadiliana kuhusu elimu ya lugha na maandishi. Siku moja mazungumzo yalipogeukia sifa za maji, mgeni alieleza kwamba chemchemi za kwao ziliwapa watu waliozaliwa huko sauti nzuri za kuimba, hata wenyeji wakawa wakinunua vijana watumwa kutoka ng'ambo ili wazaliane huko. Madai hayo hayana msingi wa kisayansi, na desturi inayosimuliwa inatisha, lakini Vitruvius aliyanakili bila kuyahoji. Kisa hiki kinafaa kukumbukwa anaposomwa mahali pengine, kwa maana kinaonyesha kwamba aliandika aliyoyapima kwa sikio lake na aliyoyapokea kwa masimulizi bila kuyatenganisha.

Kati ya majengo, analotaja kwamba alilibuni na kulisimamia mwenyewe ni basilika ya Fano, mji ulio kwenye pwani ya mashariki ya Italia. Basilika lilikuwa jumba la mikutano, biashara na mahakama, yaani mahali ambapo watu walikutana kusema na kusikilizwa.

4.0 Uandishi wa Kitabu na Tatizo la Istilahi

De architectura iliandikwa takriban kati ya mwaka 30 na 20 K.K., wakati Augustus alipokuwa akiijenga upya Roma baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwandishi anajieleza kuwa mtu mfupi wa kimo, ambaye uso wake umeharibiwa na umri na nguvu zake zimepunguzwa na maradhi. Anakiri kwamba hakuwahi kuwa maarufu, kwa kuwa aliwaona wasanifu wengine wakibisha milango kuomba kazi, ilhali yeye alifundishwa kusubiri kuombwa. Tumaini lake ni kwamba vitabu vitamjulisha kwa vizazi vijavyo.

Dibaji ya kitabu cha tano, ndicho kinachozungumzia kumbi za maonyesho, inahusu lugha. Vitruvius anatofautisha uandishi wa ujenzi na ule wa historia na ushairi. Historia humvuta msomaji kwa hamu ya kujua litakalotokea, na ushairi humvuta kwa mizani na mpangilio wa maneno. Uandishi wa ujenzi hauna mvuto huo, na zaidi ya hayo, istilahi zake zilizozaliwa na mahitaji ya fani si za matumizi ya kila siku, hivyo humtia msomaji kizani. Dawa anayoipendekeza ni ufupi: kueleza kwa maneno machache ili kumbukumbu iweze kuyashika.

Tatizo hilo lilizidi alipofika kwenye muziki. Anaungama kwamba nadharia ya upatanifu wa toni ni ngumu, hususan kwa wasiojua Kigiriki, kwa vile baadhi ya dhana zake hazikuwa na majina ya Kilatini. Aliamua kumfuata Aristoxenus wa Tarentum, mwanafunzi wa Aristotle aliyeishi katika karne ya nne K.K., na kuyafasiri maandishi yake. Mbinu alizotumia zinaweza kugawanywa katika makundi matatu, ambayo yeyote aliyewahi kuunda istilahi atayatambua.

Mbinu ya kwanza ni kukopa. Majina ya nafasi za toni, kama vile diatessaron, diapente na diapason, aliyachukua kama yalivyo. Katika muziki wa leo nafasi hizo huitwa ya nne, ya tano na oktava. Mbinu ya pili ni kuunda neno la Kilatini na kuliweka sambamba na la Kigiriki ili msomaji aone vyote viwili. Mbinu ya tatu ni kueleza dhana kwa sentensi nzima na kuisaidia kwa mchoro. Kutoka kwa Aristoxenus alichukua pia tofauti iliyo muhimu kwa fonetiki hadi leo, yaani tofauti kati ya mwendo wa sauti unaotiririka bila kutua kwenye toni maalumu, kama katika usemi, na mwendo unaoruka kutoka toni moja hadi nyingine, kama katika wimbo.

5.0 Nadharia ya Sauti ya Ukumbini

5.1 Wimbi na miisho ya maneno

Vitruvius anaieleza sauti kuwa ni pumzi itiririkayo ya hewa ambayo hutambuliwa na sikio inapoligusa. Husafiri kwa miduara isiyo na idadi, kama viduara vinavyoenea jiwe linapotupwa kwenye maji yaliyotulia. Tofauti anayoitaja ni kwamba viduara vya maji huenea kwa usawa tu, ilhali sauti huenea kwa upana na pia hupanda juu. Wimbi la kwanza lisipozuiwa, yanayolifuata hayatavurugika, na yote yatawafikia walioketi chini na walioketi juu.

Kutokana na wazo hilo anatoa kanuni za ujenzi. Uchaguliwe uwanja ambao sauti haitazuiwa. Mstari ukivutwa kutoka kiti cha chini kabisa hadi cha juu kabisa, uguse ncha za safu zote, pasiwe na safu inayojitokeza mbele ya nyingine. Ukuta ulio nyuma ya ujia mpana wa kati usizidi upana wa ujia wenyewe, kwani ukizidi utairusha sauti juu, na walioketi nyuma ya ujia hawataipata miisho ya maneno kwa maana iliyo dhahiri. Kwa upande wa ramani, anatofautisha ukumbi wa Kirumi, ambao msingi wake ni pembetatu nne ndani ya duara, na wa Kigiriki, ambao msingi wake ni miraba mitatu na ambao una okestra pana zaidi.

Kutajwa kwa miisho ya maneno si jambo dogo. Katika Kilatini, sawa na katika Kigiriki, mwisho wa nomino huonyesha ni nani aliyetenda na ni nani aliyetendwa, na mwisho wa kitenzi huonyesha nafsi. Neno ambalo Vitruvius analitumia kwa miisho hiyo, casus, ndilo walilolitumia wanasarufi kwa dhana ya uhusika. Msikilizaji wa Kilatini aliyekosa silabi ya mwisho alibaki na mashina ya maneno yasiyo na uhusiano. Lugha kama Kiswahili, ambayo huweka viambishi vya nafsi na vya upatanisho wa ngeli mwanzoni mwa neno, ingeathirika kwa namna tofauti. Vitruvius kwa hiyo alikuwa akiufikiria ukumbi kwa sikio la mzungumzaji wa lugha mahususi, na kipimo chake kilikuwa cha kiisimu kabla ya kuwa cha kifizikia.

5.2 Vyombo vya shaba

Sehemu mashuhuri zaidi ya maelezo yake inahusu vyombo vya shaba ambavyo Wagiriki waliviita echea. Viliundwa kwa hesabu kulingana na ukubwa wa ukumbi, kila kimoja kikiwa na toni yake, na viliwekwa ndani ya mashubaka baina ya viti. Kila chombo kilipinduliwa na kuinuliwa kwa kabari zenye kimo kisichopungua nusu futi kwenye upande unaoelekea jukwaa, bila kugusa ukuta. Ukumbi mdogo ulihitaji mashubaka 13 katika safu moja, katikati ya mwinuko. Ukumbi mkubwa ulihitaji safu tatu, moja kwa kila aina ya mpangilio wa toni katika muziki wa Kigiriki. Sauti ya mwigizaji ilipovigusa vyombo hivyo, viliitika kwa toni iliyopatana nayo na kuiongezea uwazi.

Vitruvius anajibu mapema swali la kwa nini vyombo hivyo havikuonekana Roma. Kumbi nyingi zilizojengwa Roma kila mwaka, asema, zilikuwa za mbao, na mbao huvuma zenyewe. Waimbaji waliotaka kupaza sauti waligeukia milango ya jukwaa ili isaidie. Ushahidi, kwa maelezo yake, ungepatikana katika miji ya Italia na ya Kigiriki, na pia katika habari za jemadari Lucius Mummius, ambaye alipouharibu mji wa Korintho mwaka 146 K.K. alichukua vyombo vya shaba vya ukumbi wake na kuviweka wakfu katika hekalu la Luna mjini Roma. Anaongeza kwamba wajenzi wa miji yenye uwezo mdogo walitumia mitungi ya udongo.

5.3 Aina nne za mahali

Mwishoni mwa mjadala, Vitruvius anagawa mahali pa kujengea ukumbi katika aina nne, kila moja ikiwa na jina la Kilatini alilolilinganisha na la Kigiriki. Kwa Kiswahili aina hizo zinaweza kuitwa mahali pa sauti pinzani, pa sauti zungushi, pa sauti rudufu na pa sauti patanifu. Katika aina ya kwanza, sauti hupanda, hugonga kitu kigumu kilicho juu, hurudishwa chini na kuigandamiza sauti inayopanda nyuma yake. Katika ya pili, sauti huzunguka, husongwa katikati na kufifia bila miisho ya maneno kusikika, na maana hubaki na shaka. Katika ya tatu, sauti hugonga na kurudi, ikaifanya miisho isikike mara mbili. Katika ya nne, sauti husaidiwa kutoka chini, huongezeka inapopanda, na huyafikia masikio kwa maneno yaliyo bayana.

Katika aina mbili kati ya hizi nne, kipimo kinachotajwa waziwazi ni miisho ya maneno, na katika aina iliyo bora kipimo ni ubayana wa maneno. Vitruvius hauliza kama sauti imefika. Anauliza kama neno limefika.

6.0 Urithi wa Kitabu

Vitruvius alifariki bila umaarufu alioutumainia. Katika karne ya kwanza B.K., Pliny alimtaja miongoni mwa waandishi aliowatumia. Kitabu kilisalia kwa kunakiliwa. Mojawapo ya nakala kongwe iliandikwa karibu mwaka 800 na imehifadhiwa London. Mwaka 1416 msomi wa Kiitalia Poggio Bracciolini alikuta nakala nyingine katika monasteri ya St. Gallen, na kuanzia hapo wasomi wa Italia walianza kukipigania kitabu hicho. Toleo la kwanza lililopigwa chapa lilitoka Roma katika miaka ya 1480, la kwanza lenye michoro lilitoka Venice mwaka 1511, na tafsiri ya Kiitalia ya Cesare Cesariano ilitoka mwaka 1521.

Mapokezi hayakuwa ya sifa tupu. Leon Battista Alberti, msanifu mkubwa wa karne ya 15, alilalamika kwamba Walatini wangedhani Vitruvius aliandika Kigiriki na Wagiriki wangedhani aliandika Kilatini, na kwamba kwa kutoeleweka kwake ilikuwa kana kwamba hakuandika kabisa. Shutuma hiyo inafahamika kwa kila mwandishi aliyewahi kujaza istilahi mpya katika lugha yake. Hata hivyo, Alberti mwenyewe aliandika kitabu chake cha ujenzi kwa vitabu kumi, kwa Kilatini, na kwa msamiati ambao sehemu yake kubwa isingekuwapo bila yule aliyemshutumu.

Wazo la vyombo vya kuitikia lilikuwa na maisha marefu pia. Mitungi ya udongo imepatikana katika kuta na dari za makanisa mengi ya Ulaya ya zama za kati. Kumbukumbu za watawa wa Metz, nchini Ufaransa, zinaeleza kwamba mitungi iliwekwa katika kanisa lao mwaka 1432 ili kuboresha uimbaji, na mwandishi wa kumbukumbu hizo aliidhihaki kazi hiyo kwa kuwa hakuona tofauti.

7.0 Mizani ya Vipimo

Upimaji wa kisayansi wa sauti majengoni ulianza na Wallace Clement Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1895. Chumba kimoja cha mihadhara chuoni hapo kilikuwa na mrindimo mrefu kiasi kwamba maneno ya mhadhiri yaliparamiana. Sabine alipima muda wa mrindimo huo kwa sikio lake na chombo cha kuhesabu wakati, usiku, akiingiza na kutoa mito ya viti. Mwaka 1913 alipochapisha makala kuhusu sauti katika kumbi za maonyesho, alianza na zile aina nne za Vitruvius, katika tafsiri ya Morris Hicky Morgan wa chuo hichohicho. Alionyesha kwamba kasoro tatu za Vitruvius zinalingana na matukio matatu ya fizikia ya kisasa: kuingiliana kwa mawimbi, mrindimo na mwangwi. Uainishaji uliofanywa na mtu asiye na chombo chochote cha kupimia isipokuwa sikio ulistahimili mizani.

Hapa kuna funzo la kiisimu. Neno resonantes, ambalo Vitruvius alilitumia kwa mahali penye mwangwi, limezaa istilahi ya Kiingereza na ya lugha nyingine za Ulaya ambayo leo haina maana hiyo, bali humaanisha kuitika kwa kitu kwa mtetemo unaolingana na wake. Istilahi ilidumu, dhana ikahama.

Vyombo vya shaba havikupata ushindi huo. Hakuna hata kimoja kilichopatikana mahali pake katika ukumbi wa kale, ingawa kumbi chache zina mashubaka ambayo baadhi ya wataalamu wameyahusisha navyo. Kwa kanuni za fizikia, chombo cha aina hiyo huitika kwa toni yake tu na hakiwezi kuongeza nishati ambayo msemaji hakuitoa. Katika uwanja wa wazi wenye maelfu ya watu, msaada wake ungekuwa mdogo sana. Huenda hapa, kama katika habari ya chemchemi za Ismuc, Vitruvius alipokea kwa masimulizi.

Kanuni ya mstari na ya uwanja usio na kizuizi, kwa upande mwingine, imethibitika. Uchunguzi wa François Canac, uliochapishwa Ufaransa mwaka 1967, ulieleza kwa jiometri jinsi sauti ya moja kwa moja inavyoimarishwa na ile inayoakisiwa. Sakafu ngumu ya okestra huirudisha sauti kwa haraka kiasi kwamba sikio haliitambui kuwa mwangwi. Huo ndio msaada kutoka chini ambao Vitruvius aliutaja bila kuueleza. Mwaka 2007, Nico Declercq na Cindy Dekeyser walionyesha kwa hesabu kwamba safu za viti vya Epidaurus hufanya kazi ya chujio: huipunguza sauti yenye mitetemo iliyo chini ya takriban hezi 500, ambamo mna sehemu kubwa ya kelele za upepo na minong'ono ya hadhira, na kuiacha ile ya juu ambamo mna alama nyingi zinazotofautisha konsonanti. Toni ya chini ya msemaji inayopotea huundwa upya na usikivu wa binadamu kutokana na mitetemo ya juu inayosalia. Jambo hili Vitruvius hakulijua.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, walitangaza matokeo ya vipimo walivyofanya Epidaurus, Argos na katika ukumbi wa Herodes Atticus mjini Athens. Matokeo yaliivunja hadithi ya wageni. Mlio wa sarafu au wa karatasi inayochanwa unaweza kutambulika kuwapo hadi juu, lakini msikilizaji aweza kujua kwamba ni sarafu au karatasi hadi takriban nusu ya mwinuko tu. Mnong'ono unaeleweka katika viti vya mbele pekee. Ili maneno yaeleweke katika safu za juu, msemaji hana budi kupaza sauti. Vipimo hivyo vilifanywa bila hadhira na katika kumbi ambazo majengo ya jukwaa yamebomoka, hivyo haviwezi kutoa picha kamili ya hali ya kale.

Vyombo vya habari vilivyoripoti matokeo hayo viliyaona kuwa ni pigo kwa sifa ya Wagiriki. Kwa msomaji wa Vitruvius, si pigo hata kidogo. Mahali popote katika maelezo yake hadai kwamba mnong'ono ungefika safu ya juu. Tofauti iliyopimwa mwaka 2017, kati ya kusikia kwamba kuna sauti na kutambua ni sauti ya nini, ndiyo tofauti aliyoiweka yeye alipoyafanya maneno kuwa mizani ya ukumbi. Kilichoanguka ni hadithi, kigezo kimebaki.

8.0 Hitimisho

Vitruvius hakugundua nadharia ya sauti wala hakubuni ukumbi wa Kigiriki. Alichofanya ni kuyachukua maarifa ya watu wengine, kuyatia katika lugha ambayo wengi waliiona haiyawezi, na kuyaandika kwa ubayana uliowawezesha wa baadaye kumkubali au kumkanusha. Madai kuhusu vyombo vya shaba yaliweza kukanushwa kwa sababu yalielezwa kwa idadi, mahali na toni. Aina nne za mahali ziliweza kuthibitishwa kwa sababu kila moja ilipewa jina na maelezo. Hadithi ya sarafu, ambayo haikuwa na mwandishi wala kipimo, ilibaki bila kuguswa hadi watu walipokwenda na vyombo vyao.

Wanaoshughulikia istilahi za Kiswahili wamekuwa wakihojiana kwa miaka mingi kuhusu kukopa, kuunda na kufafanua, na kuhusu lawama ya kwamba istilahi mpya hazieleweki. Maisha ya mhandisi huyu yanaonyesha kwamba mbinu zote tatu zaweza kukaa katika kitabu kimoja, na kwamba lawama ya kutoeleweka haimzuii mwandishi kuwafikia wasomaji wa karne ya ishirini baada yake. Sharti ni lilelile alilouwekea ukumbi: haitoshi neno lisikike, ni lazima lifike na mwisho wake.